Mark X ya supachaja, mtungi wa bluu na mahari iliyobaki ng'ombe watano

Ukikaa Nyamongo wiki moja tu utalijua gari la jamaa huyu kabla hujamjua mwenyewe. Kwanza utalisikia. Mark X za kawaida zimejaa kila kona ya Bongo, kuanzia Sinza hadi Sirari, na zinapita kimya kama gari la mchungaji. Hii ya kwake inapiga mluzi. Akikanyaga mafuta inatoka sauti nyembamba inayopanda na kupanda, watoto wa Genkuru wanaacha mpira na kukimbilia barabarani. Rangi nyeusi, vioo tinted, rimu za dhahabu. Dhahabu lazima, si unajua ni wapi huko?

Kwa wasiojua: Genkuru ni kijiji cha Tarime, mkoani Mara, jirani na mgodi mkubwa wa dhahabu wa North Mara. Jamaa ni mzaliwa wa hapo, ana miaka 28. Mgodini hakuajiriwa. Yeye ni mtu wa maduara ya wachimbaji wadogo: kushuka na kamba, kupandisha viroba vya mawe, kulala karashani kusubiri zamu ya kusaga. Miaka mitano ikapita hivyo, anapata ya kula na ya vocha. Mwaka wa sita duara ambalo yeye na wenzake wanne walikuwa na hisa likatema. Mgao wake haukuwa wa kujenga ghorofa, lakini kwa mtu aliyekuwa anaendesha bodaboda ya mkopo ulikuwa mkwanja wa kutosha kumfanya asilale usiku.

Akafanya mambo matatu. Akaezeka nyumba ya mama yake. Akapeleka ng'ombe saba ukweni Musoma, kati ya kumi na wawili waliokubaliwa. Halafu akaagiza gari Japan.

Watano waliobaki aliahidi kuwapeleka ndani ya miezi minne. Baba mkwe akasema sawa, tunasubiri. Wazee wa Mara wakisema wanasubiri, wanasubiri kweli. Hawapigi simu, ila hawasahau hata rangi ya ng'ombe.

Na mchumba mwenyewe si wa kuchezea. Ni muuguzi aliyesomea dawa za usingizi, yupo hospitali moja Mwanza. Yeye ndiye anayekaa kichwani kwa mgonjwa wakati daktari anapasua, anaangalia mapigo ya moyo na hewa. Walikutana kwenye harusi Bunda, jamaa akiwa bado na bodaboda yake ya mkopo na shati moja la kutokea. Miaka mitatu wako pamoja. Hakumpendea Mark X, maana Mark X haikuwepo.

Sasa tuje kwenye gari, kwa sababu kesi yote ilianzia hapo.

Mark X ya kizazi cha pili, ile iliyotoka mwaka 2009, ina toleo la injini ya lita 3.5 lenye nguvu farasi 318. Hilo tayari ni gari la heshima. Lakini Toyota waliruhusu toleo lingine adimu, lile la +M lililofungwa supachaja, linalofika farasi 360. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Inasukuma hewa ndani kwa nguvu, hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma petroli nyingi, na petroli nyingi ndiyo mwendo. Ule mluzi watoto wanaoufuata ni wa pampu hiyo.

Kwa hiyo jamaa alijua ana gari kali kuliko yote kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya. Mpaka usiku mmoja akakutana na Subaru.

Ilikuwa STI ya kijani yenye namba za Kenya, imevuka Sirari kuja kwenye sherehe Tarime. Maneno yakaanza kwenye kitimoto, yakahamia kwenye maegesho, saa saba usiku yakaishia kwenye lami ya kwenda mpakani. Kwenye makaratasi Mark X ilitakiwa kushinda. Barabarani Subaru iliondoka kama imetumwa dawa. Mshkaji mmoja alikuwa anarekodi, na kabla jogoo hajawika klipu ilikuwa imezunguka magrupu yote ya WhatsApp kutoka Nyamongo hadi Migori. Kuna aliyeiwekea sauti ya ng'ombe.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Sababu zipo, na zinafurahisha. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka ziwani kupanda Tarime unazidi hapo. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, injini inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar. Supachaja haiwezi kufidia sana, kwa sababu inafuata mzunguko wa injini tu kupitia ule mkanda. Subaru ya STI ina tabo, na tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi. Hewa ikiwa nyepesi, tabo inaweza kuzunguka kasi zaidi na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Weka na ukweli kwamba STI inavuta kwa matairi yote manne na ni nyepesi. Jamaa hakushindwa udereva. Alishindwa na mlima.

Lakini ukimweleza mtu mambo ya mlima wakati klipu yake ina sauti ya ng'ombe, hakusikii.

Siku tatu baadaye akaamua: anafunga naitrasi.

Wengi tuliijua gesi hii kupitia filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001, pale jamaa anabonyeza kitufe na taa za barabarani zinageuka mistari. Watu wanaiita NOS, ambalo kwa kweli ni jina la kampuni inayotengeneza vifaa vyake. Gesi yenyewe ni naitrasi oksaidi. Jamaa akaagiza seti kamili kupitia mtu wa Nairobi: mtungi wa bluu wa kilo nne na nusu, mabomba ya chuma ya kusuka, valvu mbili za umeme, moja ya gesi na moja ya petroli, pua ya kupulizia, swichi na nyaya. Pamoja na usafiri na watu wa njiani, ikamtoka milioni tatu na laki nane.

Kule mnadani ng'ombe mzuri alikuwa anagonga laki nane. Piga hesabu mwenyewe.

Boksi lilipofika akafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Akalifungua taratibu, akapiga picha kila kifaa, akatupia status. "Loading… Wakenya jiandaeni." Watu 214 waliona. Mmoja wao alikuwa zamu ya usiku Mwanza, na hakusema kitu.

Mtungi ulikuja mtupu. Hili jamaa hakulijua. Mitungi hii husafirishwa bila gesi, mnunuzi anajaza kwake. Marekani unaingia duka la vifaa vya magari unajaziwa kama unavyojaza gesi ya kupikia. Tarime utajaza wapi?

Akaubeba hivyo hivyo mpaka kwa fundi mmoja wa Tarime mjini, mzee aliyeshika spana tangu enzi za Bedford na Leyland. Mzee huyu hana Insta, hana bango la gereji. Ana mwembe, benchi, na foleni ya magari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura. Umeleta nini, mtungi wa kuzimia moto?"

Jamaa akaeleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akavuta kigoda, akaanza kutoa vifaa kwenye boksi kimoja kimoja na kuvipanga juu ya gunia. Kumbe anavijua. Miaka ya nyuma aliwahi kufanya kazi Nairobi kwenye gereji ya Wahindi wa rally.

"Hii gesi haiwaki," akasema. "Watu wanadhani ni petroli kali. Siyo. Hii ni kama yule anayepuliza mkaa. Mkaa ni ule ule, ila ukipuliza, unaiva haraka na unaisha haraka. Gesi hii imebeba oksijeni. Ikiingia kwenye joto la silinda inavunjika, oksijeni inatoka, petroli inapata hewa ya kuwakia."

Yuko sahihi. Kwa uzito, hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 23. Naitrasi oksaidi ina asilimia 36. Na inavunjika ikifika joto la karibu nyuzi 300, joto ambalo ndani ya silinda ni la kawaida kabisa. Kuna faida ya pili pia: mtunguni gesi hii imekandamizwa mpaka ikawa maji. Ikitoka kwenye pua inageuka gesi ghafla kwenye baridi ya nyuzi 88 chini ya sifuri, inapoza hewa inayoingia. Hapo ndipo inapoendana na supachaja, maana supachaja ikikandamiza hewa inaipasha moto, na hewa ya moto ni adui wa injini. Moja inapasha, nyingine inapoza. Wajerumani walishaijua akili hii kwenye Vita Kuu ya Pili, walifunga gesi hii kwenye ndege za kivita ili zisichoke zikifika juu sana ambako hewa imeisha.

Jamaa aliposikia habari ya hewa kuisha juu akaruka. "Si ndiyo tatizo langu hilo mzee! Tufunge leo."

"Kaa chini."

Mzee akaanza kuuliza. Pampu ya petroli ni ya kiwandani au imeongezwa? Ya kiwandani. Plagi? Zile zile zilizokuja na gari. Kuna kompyuta ya kubadilisha taimingi? Hakuna. Utajuaje kama petroli inatosha gesi inapoingia? Kimya.

"Sikiliza, mura. Ukiongeza gesi lazima uongeze petroli ya kulingana nayo. Ikipungua petroli, moto unakuwa mkali kuliko chuma. Pistoni inayeyuka, unakuta tundu katikati kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Na moto ukiwa wa haraka, cheche lazima ichelewe kidogo, la sivyo injini inagonga. Hii yako supachaja tayari imeshaibana. Unataka kuibana mara ya pili kwa kubahatisha?"

Akaendelea kumtajia mengine. Kitufe hakibonyezwi injini ikiwa chini. Gari linatakiwa liwe limeshakanyagwa mafuta mpaka mwisho na mzunguko umevuka 3,000, vinginevyo gesi na petroli vinajikusanya kwenye bomba la kuingizia hewa, vikiwaka humo vinalipasua. Mtungi unakaa kwenye buti, na buti la gari jeusi lililoegeshwa juani Mara linapita nyuzi 40 bila shida. Gesi hii ikivuka nyuzi 36 na kidogo haikai tena kama maji, presha inapanda hovyo. Ndiyo maana mtungi una kisahani cha usalama kinachopasuka, na lazima uunganishiwe bomba la kutolea gesi nje, vinginevyo inajaa ndani ya gari na aliyekaa humo anakosa hewa.

"Na mtungi huu ukijaa, ukitaka farasi mia moja za kuongeza, unabonyeza kwa jumla kama dakika mbili. Umekwisha. Unarudi kuutafutia gesi tena."

Dakika mbili. Ng'ombe karibu watano.

Mzee hakukataa kazi. Alisema ataifunga akiletewa pampu kubwa, plagi za baridi zaidi, mtu wa kompyuta kutoka Nairobi, na gesi halali yenye karatasi. Tena akaongeza kwamba vitu hivi ni vya uwanja uliofungwa. "Barabara ya Sirari saa saba usiku ina ng'ombe na bodaboda zisizo na taa. Ukimgonga mtoto wa mtu, utamwambia baba yake ulikuwa unashindana na Mkenya?"

Jamaa akaondoka na boksi lake, amenuna.

Kama kawaida, mshauri mbaya hakosi. Kuna mshkaji wake ana gereji ya kuchomelea Nyamongo, akamwambia: "Si umesema kazi ni oksijeni? Mimi ninayo mitungi ya oksijeni hapa. Tuunganishe tu." Ilikuwa Jumamosi mchana, gari limefunguliwa boneti, mshkaji ameshashika bomba. Kilichookoa siku ni kwamba jamaa alimpigia mzee kuuliza size ya kiunganishi.

Mzee alinyamaza kama sekunde tano kwenye simu. "Toa huyo mtu kwenye gari. Sasa hivi. Oksijeni tupu haina breki. Si ndiyo anayokatia chuma? Sasa anataka kukatia injini yako ukiwa umekaa nyuma yake?"

Naitrasi inaachia oksijeni kwa kiasi huku imechanganyika na naitrojeni inayotuliza mlipuko. Oksijeni tupu ya kuchomelea haina kitu cha kuituliza, na mafuta au grisi ikikutana nayo kwa presha inaweza kuwaka bila hata cheche. Mshkaji akafunga mtungi wake, kimyakimya.

Hapo jamaa angeweza kuachana na habari hii. Lakini kesho yake STI ikapostiwa tena, na watu wakamtag. Jumapili jioni akachukua simu akamwandikia mchumba wake.

"Bebi, hivi kazini kwenu ile gesi ya usingizi ya mtungi wa bluu si mnayo? Nataka kidogo tu. Hata mtungi ambao umebaki nusu. Kuna mtu ataufuata, hutohusika."

Soma tena sentensi ya mwisho. Hutohusika.

Kwa sababu ni kweli, ni gesi ile ile. Kabla haijaingia kwenye magari ilikuwa hospitali. Desemba 1844 daktari wa meno wa Marekani, Horace Wells, alivuta gesi hii akang'olewa jino lake mwenyewe ili kuona kama maumivu yatakuja. Toka hapo imelaza na kutuliza watu dunia nzima: wajawazito wenye uchungu, watoto wa meno, watu wa ajali. Gesi ya magari huko ng'ambo huwekewa kemikali ya salfa yenye harufu kali makusudi, ili mtu asiivute. Ya hospitali haina. Tofauti kubwa nyingine ni nani anaisubiri.

Tiki mbili za bluu zikaja saa tatu usiku. Jibu likaja saa tano. Voice note ya dakika sita.

Hakupiga kelele. Waliosikia ile sauti, maana jamaa alimsikilizisha rafiki yake mmoja akitafuta kuonewa huruma, wanasema kilichotisha ni jinsi alivyokuwa anaongea taratibu, kama anamweleza ndugu wa mgonjwa.

Alimwambia ile mitungi haihesabiwi kama soda. Kila zamu wanaandika umetumika kiasi gani na kwa nani, na anayesaini ni yeye. Alimwambia gesi ile haipewi mtu tupu, inachanganywa na oksijeni, kwa sababu ikiwa peke yake inakaba hewa, na kwamba kazi yake yote, mshahara wake wote, ni kukaa pale kuhakikisha hewa ya mtu aliyelala haipungui. "Wewe unaniambia sitahusika. Jina langu ndilo liko kwenye rejista. Na siku mtungi ukiisha katikati ya operesheni, anayelala mezani ni mama wa mtu kutoka Ukerewe au Sengerema, hajui kama kuna Subaru."

Halafu akafika pale pengine.

"Uliniambia ng'ombe bei imepanda, tuwaombe wazee wasubiri. Mimi nikampigia baba mwenyewe nikamwombea muda. Nimemwongopea baba yangu kwa ajili yako bila kujua. Boksi nimeliona kwenye status. Nimekaa siku nane nasubiri useme mwenyewe. Hukusema. Umekuja kuniomba niibe."

Mwisho akasema neno moja ambalo jamaa hakulielewa siku ile: "Sijakuacha. Ila usinipigie mpaka uwe na kitu cha kuniambia ambacho si ombi."

Wiki ya kwanza jamaa alikasirika. Alisema wanawake wenye kazi wanaringa, akala kichuri na washkaji, wakampa moyo. Wiki ya pili washkaji wakachoka habari hiyo. Wiki ya tatu mama yake, ambaye hajui naitrasi wala Subaru, akamuuliza tu kama ng'ombe wa Musoma wameshapelekwa, maana ameota mvua. Ndoto ya mvua na ng'ombe vinahusiana vipi, hakuna aliyeuliza. Jamaa alishindwa kumjibu mama yake.

Kesho yake alirudi Tarime kwa mzee. Safari hii bila boksi.

"Mzee, nataka uangalie gari tu. Tangu ile siku nahisi zito."

Mzee akafungua boneti. Cha kwanza alichotoa ni ea klina. Vumbi la Nyamongo ni jekundu na jembamba kama unga wa mhogo, na ile ea klina ilikuwa imejaa mpaka imekuwa kama tofali. Gari lilikuwa linavuta hewa kupitia tofali. Kisha akashika mkanda wa supachaja, akaubonyeza kwa kidole gumba, akamwonyesha: umeng'aa upande wa ndani na una nyufa. Mkanda ukiteleza, supachaja haizunguki inavyotakiwa, na mluzi unaweza kuusikia bado ukadhani kazi inafanyika. Plagi mbili kati ya sita zilikuwa zimelika. Gari lilikuja kutoka Japan likiwa na miaka zaidi ya kumi, na tangu lishuke bandarini Dar, mwenye nalo alikuwa amelinunulia rimu, spika na stika. Sevisi hakufanya hata moja.

"Usiku ule," mzee akasema, "hukuwa na farasi mia tatu na sitini. Sijui ulikuwa na ngapi, ila hizo hukuwa nazo."

Mkanda mpya, ea klina, plagi sita, oili na kazi ya mikono: haikufika hata laki tano. Mkanda ulisubiriwa siku nne kutoka Dar. Jamaa alipolikanyaga kupanda kutoka Tarime kuelekea Nyamongo, ule mluzi ulikuwa na mgongo nyuma yake. Kwenye mwinuko alicheka peke yake. Mlima bado unachukua sehemu yake, hilo halirekebishiki kwa spana. Lakini mengi yaliyokuwa yamepotea hayakuwa ya mlima.

Seti ya naitrasi ikachukuliwa na mtu wa Nairobi anayeshindana uwanjani, mwenye kompyuta yake na fundi wake. Akatoa milioni mbili na nusu. Jamaa alipoteza milioni moja na laki tatu, na hilo ameliambia watu waziwazi, ingawa hakuliweka status.

Milioni mbili na nusu zikawa ng'ombe watatu na nauli ya lori. Aliwapeleka Musoma mwenyewe, Mark X mbele, lori nyuma, mwendo wa 50 njia nzima kwa sababu ya ng'ombe na kwa sababu ya tochi za trafiki. Baba mkwe akawazunguka mmoja mmoja, akawashika nundu, akasema watatu ni watatu, bado wawili. Kisha akauliza gari lina ugonjwa gani mpaka linapiga mluzi.

Kabla ya chakula jamaa akaomba kuongea na mzee pembeni. Akamwambia kwamba ng'ombe hawakuchelewa kwa sababu ya bei. Akamwambia walikochelewea, na kwamba binti yake alipomwombea muda alikuwa hajui. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Akasema tu kwamba wawili waliobaki wasiwe wekundu, wekundu anao.

Jioni hiyo ndipo alipompigia mchumba. Simu ikapokelewa mlio wa pili. Hakuomba kitu. Akamweleza alichomwambia baba, ng'ombe watatu, mkanda, plagi, vumbi, yote. Upande wa pili ukanyamaza, kisha ukauliza: "Kwa hiyo gari lilikuwa chafu tu?"

"Lilikuwa chafu tu."

Alicheka. Halafu akamwambia yuko zamu, wataongea kesho. Harusi haijapangiwa tarehe. Ng'ombe wawili bado, na dada hajasema kama ile "hutohusika" imesahaulika. Walio karibu naye wanasema ameisave ile meseji.

STI ya kijani nayo imetuma salamu, inataka marudiano Krismasi. Jamaa hajajibu.

Wadau, mngekuwa nyie ndio huyo dada, tarehe ya harusi mngetoa, au mngesubiri ng'ombe wawili wa mwisho kwanza?